Makubazi Mlangoni

Jumapili, 15 Septemba

Tarehe imepatikana. Ijumaa ya tarehe 27!

Bwana Khurana, msambazaji wa picha ya Baba, alipiga simu kutoka Indore tukiwa tunakula. Baba akasimama, mkono wa kulia umejaa wali na dengu, simu kaishika kwa kushoto, anasema tu ndiyo bwana, ndiyo bwana. Alipokaa alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyefaulu mtihani. Kisha Bibi akauliza ni tarehe ngapi. Akamwambia.

Bibi akasukuma sahani. "Girish. Hizo ni siku za wafu. Majuma mawili yale mtu hanunui hata sufuria mpya. Hachumbii, hahamii nyumba. Wewe unataka kufungua picha!"

"Ndiyo maana nimeipata, Mama. Wakubwa wote wamezikimbia siku hizo. Kumbi ziko tupu."

"Kumbi hazikosi sababu ya kuwa tupu," Bibi akasema. Hakula tena.

Baba alikaa Mumbai miaka kumi na saba akiwa msaidizi wa waongozaji wengine. Mimi nilimjua kwa simu na kwa sikukuu. Juzi juzi tu, miaka miwili iliyopita, alirudi Jabalpur na hadithi yake mwenyewe, akaipiga kwa siku ishirini na nne kwenye zile nyumba kuukuu za reli nyuma ya soko. Hakuna mchezaji mwenye jina. Marehemu wa picha kachezwa na mwalimu wa zamani wa Baba, wa somo la Kihindi. Mama alipikia kikosi chote. Picha inaitwa "Chai ya Saa Moja". Karani mstaafu wa reli anakutwa amekufa mezani, mbele yake vikombe viwili. Nani alikunywa kile cha pili?

Hilo ndilo swali la picha nzima. Na mimi jibu nililijua dakika ya thelathini na nne.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema popote.

Ilikuwa Mei. Baba alifunga mapazia, akaniketisha peke yangu mbele ya kompyuta. Hakutazama picha. Alinitazama mimi. Dakika ya kumi na tisa kamera inapita mlangoni kwa marehemu, jioni ile ile ya kifo. Viatu vimepangana kizingitini. Kati yao makubazi ya kahawia, ukanda mmoja umeshonwa kwa uzi mwekundu. Dakika ya thelathini na nne mdogo wake marehemu anafika, eti ndiyo kwanza anatoka Nagpur. Analia. Anavua makubazi mlangoni. Uzi mwekundu.

Basi. Nilikaa saa nzima iliyobaki nikijua.

Taa zilipowaka Baba aliuliza, "Ulimjua?"

"Hata kidogo!" nikasema.

Alipiga makofi. Alikimbia jikoni. Hakujua! Ketaki hakujua, na anasoma vitabu vya upelelezi tangu darasa la nne! Mama alicheka. Siku ile nyumba nzima ilikuwa na furaha, na furaha yenyewe niliitengeneza mimi kwa maneno mawili.

Shoti ile ya viatu ilimchukua siku nzima. Alisubiri mvua ikatike. Ndiyo anayoipenda kuliko zote. Anasema watu hawatazami chini.

Lakini Baba, hapa kwetu nani hatazami viatu? Mtu kabla hajagonga mlango wa mwenzake ameshavisoma vyote. Mimi nikitoka shule najua kama shangazi yuko ndani kabla sijasikia sauti yake. Yeye kakaa miaka kumi na saba katika chumba cha kupanga, viatu vinalala chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Amesahau.


Jumanne, 17 Septemba

Tangazo limebandikwa ukutani mkabala na shule. Nilipita upande wa pili wa barabara ili nisionekane nikilitazama. Pallavi wa darasa letu akaniona, akanisubiri tuingie darasani.

"Ketaki! Steringi ndiye nani? Huyu mzee wa miwani?"

"Huyo ni maiti," nikasema.

"Maiti ndiye steringi!" Darasa zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka kidogo, ndiyo tabia yangu mbaya. "Nyimbo ngapi?"

"Hakuna."

"Hakuna wimbo, hakuna steringi. Sasa mtu aende kutazama nini mle ndani, feni?"

Nilikuwa na jibu. Jibu ninalo tangu Mei, nalisahihisha kila siku kichwani. Picha za bei ndogo zilizowahi kufanikiwa, hakuna aliyezifuata kwa sababu ya sura ya mtu. Zilifanikiwa kwa sababu mtu mmoja alitoka ukumbini, akamshika jirani yake mkono, akamwambia: nenda, usiniulize kitu, nenda tu. Yule jirani ndiye tangazo lenyewe. Na halipatikani kwa kubandika.

Halafu kuna intavali, yale mapumziko ya katikati ya picha. Kwenye picha kubwa intavali ni ya kwenda msalani. Watu watarudi, steringi bado hajacheza ngoma yake ya mwisho. Kwenye picha ndogo intavali ni hukumu. Mtu anatoka na sambusa mkononi, mlango uko wazi, jua liko nje, pikipiki yake iko pale. Nini kitamrudisha gizani? Swali tu. Asipotoka na swali, harudi.

Badala yake nilifungua kitabu cha kemia.


Jumamosi, 21 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Ukuta wa chumba changu umeota madoa tena.

Bwana Khurana kwenye simu, sauti imefunguliwa ili sote tusikie: "Girish bwana, nisikilize. Ijumaa ni jamaa zako. Jumamosi ni marafiki wa jamaa zako. Jumapili ni watu wasio na pa kwenda. Jumatatu ndiyo picha yako." Watu wa Jumatatu wakishuka chini ya nusu ya wale wa Ijumaa, Jumatano picha inatolewa. Kumbi zote kumi na moja. Hana ubaya, anasema, ndivyo biashara ilivyo.

Baadaye jikoni, mimi nafuta vikombe, Baba akamwambia Mama kwamba hii ikianguka anakwenda Raipur, kwa kaka yake Mama, kuuza vigae. Kwa moyo mmoja. Hatashika kamera tena, hata ya harusi. Alilisema taratibu, kama anazungumza habari za mtu mwingine.

"Basi isianguke," Mama akasema, akaendelea kumenya vitunguu saumu.

Nilitazama mikono ya Baba. Anapozungumza juu ya picha, mikono yake hukata hewa, huweka fremu, hupanga watu. Leo ilikuwa imelala juu ya magoti. Vigae! Nilimwona amesimama nyuma ya kaunta, ametulia hivyo hivyo, miaka ishirini.


Jumatano, 25 Septemba

Mara nne nimesimama nje ya mlango wa Baba. Mara nne nimeondoka. Ndani alikuwa anapiga mluzi.

Kesho.


Alhamisi, 26 Septemba

Sikuweza.


Ijumaa, 27 Septemba

Bibi hakuja. Lakini asubuhi alisimama mlangoni na bakuli, akamlisha Baba kijiko cha mtindi na sukari kama tunavyofanya mtu akienda kwenye jambo kubwa, kisha akageuka upesi ili asimtazame akitoka. Machozi? Sijui. Bibi hajawahi kulia mbele yangu.

Ukumbi wa Mohini Talkies, onyesho la saa sita mchana, la pekee kwa siku ya kufungua. Baba alivunja nazi ya baraka kwenye ngazi. Ilipasuka vizuri. Watu mia mbili na kumi na wawili, niliwahesabu. Robo tatu nawajua kwa majina.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Walicheka pale Baba alipotaka wacheke. Mwalimu mstaafu alipoonekana amekufa, mkewe wa kweli, aliyekaa safu ya mbele, alisema kwa sauti, "Nyumbani hajawahi kutulia hivyo!" Ukumbi mzima ulicheka, hata Baba.

Dakika ya kumi na tisa. Viatu. Nyuma yangu mtoto akauliza, "Mama, vile viatu vya nani?" Mama yake akamnyamazisha.

Dakika ya thelathini na nne. Mdogo mtu kafika, analia, anainama, anavua. Ukumbi ukatoa sauti. Ndogo, kutoka kifuani, safu moja baada ya nyingine. "Aaaa..."

Baba alinishika mkono kwa nguvu. "Umesikia?" akaninong'oneza. "Wamenaswa!"

Vidole vyake vilikuwa baridi. Mungu wangu. Alidhani wamenaswa.

Intavali niliteremka chini kwenye kantini. Pale kuna Mjomba Lallan, amekaanga sambusa Mohini miaka thelathini na moja na hajawahi kumaliza picha hata moja. Anajua picha zote kwa kutazama watu tu. Niliagiza chai ili nipate sababu ya kusimama.

"Binti wa Girish, sivyo? Una macho yake." Akageuza sambusa kwenye mafuta. "Nikwambie siri ya kazi yangu? Picha ikiwa nzuri mimi nalala njaa. Mtu ananunua moja, anaungua ulimi, anakimbia. Kengele haijalia mara ya pili, hapa hakuna mtu. Picha ikiwa mbaya ndiyo neema. Anakaa. Anaomba chatini. Anaomba chai ya pili, anazungumza habari za mkwewe."

"Na leo?"

Aliita jikoni waongeze maji ya chai.

Jamaa zetu wote walirudi ndani. Ni jamaa. Mwisho walipiga makofi, wakamkumbatia Baba, wakamvisha maua. Shangazi alisema ni nzuri mno, na kwamba alimjua muuaji mapema kabisa! Alilisema kama sifa. Baba akacheka naye.

Nilimwangalia akicheka. Uso wake ulichelewa kidogo kuufuata mdomo.


Jumamosi, 28 Septemba

Onyesho la saa tisa. Watu themanini na wanane. Nilimwambia Mama nakwenda maktaba.

Sikuingia ndani. Nilikaa kwenye ngazi mpaka intavali, nikaingia katika foleni ya kantini kama mtu yeyote. Mimi sionekani upesi, mahali popote. Kwa mara ya kwanza limenifaa.

Vijana wawili, vitambulisho vya benki shingoni.

"Mdogo mtu."

"Mdogo mtu, nani mwingine? Makubazi kayavua mbele ya kamera, mshenzi."

"Tunarudi?"

"Kufanya nini? Kumshikia polisi tochi?"

Wakacheka, wakamaliza sambusa, wakawasha pikipiki. Nyuma yao mama mmoja na binti zake wawili. Yule mdogo anataka kurudi. Mama mtu anasema, "Mwisho wake si umeshaujua? Twende, mvua inakuja." Mzee mmoja alitazama saa, akatazama lango, akaondoka zake. Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Hakukasirika hata.

Thelathini na wanne hawakurudi.

Mjomba Lallan alinifungia sambusa mbili kwenye gazeti, akakataa pesa. "Mpelekee babako," akasema. Nilizila njiani, zote mbili, nalia. Sikuweza kumpelekea.

Nyumbani Baba alikuwa amekaa na simu. Kumbi nyingine ni hivyo hivyo, ule wa mji wa Katni mbaya zaidi. Anasema ni mvua. Anasema ni siku za wafu, Bibi alisema kweli. Anasema laiti wangekuwa na fedha ya mabango zaidi.

Mama alisema, "Ndiyo." Mimi nilisema, "Ndiyo, Baba."

Mwongo mimi. Tena!


Jumapili, 29 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kumkumbuka Babu, kama kila mwaka katika siku hizi. Mama na Bibi waliamka mapema kupika: wali wa maziwa, viazi, maboga, mikate ya kukaanga. Kuhani alikuja, Baba akamimina maji na ufuta, akataja majina. Kisha sehemu ya kunguru ikawekwa kwenye sahani ya majani, na Baba akaipandisha darini. Kunguru akila, Babu amepokea. Hakuna anayekula chini kabla kunguru hajala.

Bibi akaniambia nipande nikae naye. "Asisubiri peke yake," akasema.

Kunguru hakuja. Tulikaa juu ya tangi la maji, mvua imekatika, mji wote una harufu ya matope. Kunguru watatu walikuwa kwenye nyaya ng'ambo ya pili, wanatutazama, hawaji.

"Hata wao hawataki kuingia," Baba akasema. Alijaribu kucheka.

Nikasema.

Sijui nilianzaje. Nadhani nilisema: Baba, si mvua. Halafu nikasema viatu. Halafu yote yakatoka, mtoto aliyeuliza, ile sauti ya ukumbi, vijana wa benki, tochi ya polisi. Na Mei. Nilisema Mei mwishoni kabisa.

"Ulijua tangu Mei."

"Ndiyo."

"Ulijua dakika ya ngapi?"

"Thelathini na nne. Alipoinama."

Alitazama nyaya. Nilingoja anipigie kelele. Baba wengine wangepiga kelele. Alisema tu, taratibu sana, "Ningeweza kurekebisha, Ketaki. Mei nilikuwa na miezi minne."

Akaniachia sahani, akashuka.

Kunguru mmoja akaja baada ya hapo, akadonoa wali mara mbili, akaruka. Nilishuka kuwaambia amekula. Hakuna aliyefurahi. Mama alikuwa ameshaambiwa. Alinivuta nyuma ya mlango wa jikoni, mikono yake ina unga.

"Ulimwona babako ana tundu kwenye suruali, ukamwacha atoke mbele za watu."

"Nilimhurumia, Mama."

"Ulijihurumia wewe. Hukutaka kuona sura yake. Sasa itazame."

Ni kweli. Ni kweli kabisa, na sikuwa nimelijua mpaka alipolisema.

Saa tisa alasiri Baba alifungua mlango wangu bila kugonga. Kompyuta kwapani. Macho mekundu. Akaketi kitandani kwangu.

"Kaa hapa. Sema yote. Na ukinihurumia tena nitakujua."

Tukaitazama tangu mwanzo. Nilisema yote. Hapa nilichoka. Hapa nilijua. Hapa polisi anazungumza mno. Alikuwa anaandika kwenye karatasi ya ankara ya umeme. Tulipofika kwenye viatu akasimamisha picha.

"Niikate," akasema. Sauti yake haikuwa na nguvu.

Mimi nikasema hapana.

Sikujua kwamba nitasema hivyo. Lakini kuna mtoto mmoja. Ndani ya picha kuna msichana wa miaka kumi na mmoja, Titli, anayewaletea majirani maziwa. Jioni ile alifika mlangoni kwa marehemu, akaweka chupa, akaondoka. Anaonekana mara moja tu mwanzoni, kisha tena karibu na mwisho, polisi wanapomhoji. Ndiye aliyeona viatu! Kwa nini tunaviona sisi kwanza, bure, kwa kamera inayopita tu?

"Viondoe pale mwanzo," nikasema. "Visionekane kabisa. Mdogo mtu aje, alie, avue makubazi, na sisi tusijue kitu. Kisha mwisho wa nusu ya kwanza Titli anapita na maziwa, anayaona makubazi kizingitini, anasimama. Hapo ndipo tuone anachokumbuka. Viatu vile, jioni ile. Na mdogo mtu atokee mlangoni amwone anavitazama. Ndiyo intavali."

"Lakini wakati huo watamjua muuaji."

"Wamjue! Hawatauliza tena ni nani. Watauliza kama mtoto atasema. Na kama atawahi."

Nilidhani nimeharibu. Kisha mikono yake ikanyanyuka, yote miwili, ikaweka fremu hewani, katikati ya chumba changu chenye madoa.

"Unajua huyu mtoto nilimtoa wapi?" akauliza.

Alikuwa ananitazama mimi.

Shoti za Titli na za mdogo mtu mlangoni zilikuwepo, zilipigwa zikaachwa, basi akampigia simu Sudip, mhariri wake, Mumbai. Sudip akasema Girish-bhai una wazimu, leo Jumapili. Kisha akasema tuma karatasi. Bwana Khurana akasema kubadilisha picha baada ya kufungua kuna utaratibu wake na karatasi zake, kwamba ni Mohini peke yake, na kwamba yeye simu hii hakuipokea. Basi tuna ukumbi huo mmoja tu wa kujaribia. Kesho saa sita.

Baba hajanisamehe. Nataka kuliandika hilo ili nisijidanganye. Alipotoka hakunigusa kichwa kama anavyofanya siku zote.


Jumatatu, 30 Septemba

Sikwenda shule. Mama mwenyewe alisema nisiende.

Naandika nikiwa kwenye ngazi za Mohini. Toleo jipya lilifika saa nne kasoro. Mwendeshaji wa mashine alilijaribu dakika mbili, akasema sauti ipo, rangi ipo, mengine ya Mungu.

Watu arobaini na mmoja. Si jamaa hata mmoja! Meneja anasema kwa Jumatatu ya siku za wafu si haba, lakini nusu ya Ijumaa ni mia moja na sita, hata mimi najua hesabu. Hivyo onyesho hili halitoshi kwa lolote. Linaweza tu kuwafanya hawa arobaini na mmoja wawaambie wengine kabla ya jioni. Kuna onyesho la saa tisa na la saa kumi na mbili. Hicho ndicho kilichobaki.

Niliingia nikasimama nyuma, gizani. Dakika ya thelathini na nne. Anainama, anavua. Kimya. Hakuna "aaaa". Mwanamke mmoja hata alimhurumia, alipiga ulimi akasema masikini. Nilikwenda nje.

Baba hakuingia. Amesimama nyuma ya nguzo ya matangazo, uso ameuelekeza ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Hajanena na mimi tangu asubuhi, ila kuniuliza kama nimekula.

Intavali sasa hivi. Mlango umefunguliwa.

Wamebaki ndani tisa, hawakunyanyuka. Wengine wametoka taratibu. Hawazungumzi! Jumamosi walitoka wakicheka. Sijui kimya hiki ni cha nini. Kimya cha kuchoka na kimya cha hofu vinafanana kwa nyuma.

Foleni ya kantini.

"Chai ngapi, mabwana?"

"Usituwekee chai, Mzee, ya moto itatuchelewesha. Sambusa tu."

Hao ni wawili.

"Yule mtoto mpumbavu. Amwambie mama yake!"

"Mama yake ndiye anayemkaribisha chai yule jamaa, hukuona?"

Hao ni wengine wawili, mume na mke nadhani. Mke amerudi ndani kabla ya mumewe, amemwachia chenji.

Lakini wapo watu wanne langoni, wanatazama mvua. Mmoja ameshavaa kofia ya pikipiki. Mwingine ananunua sigara. Na sita wamekaa kwenye benchi, chai mikononi, mmoja wao kaagiza ya pili. Ya pili! Mjomba Lallan amenitazama, kisha akatazama sufuria yake.

Kengele ya kwanza.

Baba ameniuliza bila kugeuka. "Wangapi wamerudi?"

Ningeweza kusema wote. Yuko ukutani, haoni. Neno moja tu, na mabega yale yangeshuka.

"Thelathini na mmoja wako ndani, Baba," nimesema. "Kumi wako nje."

"Wameondoka?"

"Bado. Mmoja amevaa kofia."

Ameitikia kwa kichwa. Mkono wake wa kulia umetoka nyuma ya nguzo, umenitafuta bila kutazama, umenishika kifundo cha mkono. Baridi kama Ijumaa.

Kengele ya pili. Mwenye kofia amewasha pikipiki. Amekwenda. Watu watano wa benchi bado wanapiga soga. Wa sita, yule aliyeagiza chai ya pili, ameweka kikombe chini. Kimejaa. Anatazama mlango wa ukumbi, na mlango umeanza kufungwa.